Marangu: Kijiji Kilichotangulia Lango

Ukitoka Moshi mjini kwa barabara ya Taveta, unafika njia panda ya Himo. Hapo bado uko tambarare: joto, vumbi, mashamba ya mahindi na alizeti. Ukikata kushoto barabara inaanza kupanda, na kabla hujazoea baridi unajikuta kati ya migomba iliyosimama pande zote mbili kama umati uliokuja kupokea mgeni. Mbele kidogo ni Marangu Mtoni, penye soko, maduka na njia panda nyingine. Mkono mmoja unaelekea Mamba, Mwika na Rombo. Mwingine unapanda hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari.

Kwa mtalii, Marangu ni lango hilo. Analala usiku mmoja hotelini, anajiandikisha, anapanda, anashuka, anaondoka. Katika vitabu vya safari jina la Marangu ni jina la njia. Lakini kabla ya lango palikuwa na kijiji, na kabla ya wapandaji palikuwa na wakulima. Alama zote zinazoonyeshwa wageni leo, yaani maporomoko, mapango, bamba la kumbukumbu langoni na vibanda vya mlimani, zimetokana na historia ya wakulima hao na ya watu waliokuja kutafuta kitu kwao.

Maji kwanza

Alama kongwe kuliko zote haina kiingilio wala kibao. Ni mfongo, mfereji wa kumwagilia, ambao mgeni huuruka bila kuuangalia. Mlima una maji mengi, ila yanapita ndani ya makorongo marefu, chini sana ya migongo ya ardhi ambako watu wanaishi na kulima. Ili yafike shambani, ilibidi wazee wa kale wapande hadi msituni, waukinge mto mahali ulipo juu, kisha wachimbe mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno. Ukiteremka kwa kasi, maji yatakula ukingo. Ukilala sana, yatatuama. Kazi hiyo ilipimwa kwa macho na kwa maji yenyewe, bila chombo cha mpimaji. Penye bonde, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa katikati.

Mfongo ulikuwa na wenyewe. Ukoo ulioanzisha ndio uliotoa msimamizi, na wengine waliopewa maji walikuwa na wajibu: siku ya kuzibua, kila nyumba ilitoa mtu, aliyekosa alilipa, mara nyingi kwa pombe ya mbege. Maji yaligawanywa kwa zamu, huyu asubuhi, yule jioni, na ya usiku yakahifadhiwa katika mabwawa madogo ya udongo. Ugomvi wa maji ulipelekwa kwa wazee, na ikikosekana suluhu ukafika kwa mangi, mtawala wa nchi. Kwa hiyo mfongo uliwafundisha watu wa Marangu serikali kabla ya serikali yoyote kuja na karatasi zake.

Maji hayo ndiyo yaliyowezesha kihamba. Kihamba ni nyumba, shamba na makaburi mahali pamoja. Juu kabisa husimama miti mikubwa kama mringaringa na mfuruanje, inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake migomba ya aina nyingi, ya kupika, ya kuiva na ya kutengenezea mbege. Chini zaidi magimbi, maharage na mboga. Na baadaye mibuni. Ng'ombe na mbuzi walifungwa ndani, wakaletewa majani yaliyokatwa na wanawake na kubebwa kichwani kutoka mbali, na samadi yao ikarudi kwenye migomba. Mpaka wa kihamba uliwekwa kwa masale, mmea uleule ambao Mchagga humpelekea aliyemkosea anapoomba msamaha. Kung'oa masale ya jirani lilikuwa kosa zito. Mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, na waliotangulia wakatafutiwa ardhi kwingine wakati ardhi ilipokuwapo. Mahindi na ulezi vililimwa chini, tambarare, ambako watu walishuka alfajiri na kurudi jioni.

Mapango ya kujificha

Neema haikosi wenye kuitamani. Mifugo ya mlimani iliwavuta Wamasai wa tambarare, na wamangi wenyewe walishambuliana bila kuchoka, maana mlima uligawanyika katika nchi nyingi ndogo, kila moja kwenye mgongo wake kati ya makorongo mawili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni, upande wa Rombo, aliinuka na kuzitiisha nchi za mashariki hadi Vunjo, Marangu ikiwamo. Alijenga ngome za mawe, kitu kisicho cha kawaida mlimani wakati huo, mpaka alipouawa akipigana na Wamasai.

Kutokana na nyakati hizo yamebaki mapango ya Wachagga. Si mapango ya asili. Yalichimbwa kwa mikono chini ya vihamba. Mlango wake ni mwembamba, mtu anaingia akiinama, na njia ndani inapinda ili adui asione mbele wala asiweze kuingia isipokuwa mmojammoja. Ndani palikuwa na sehemu za wanawake na watoto, sehemu za mifugo na mahali pa walinzi. Udongo uliochimbwa ulitupwa mtoni ili rundo lake lisiwafichue wenye pango. Leo watoto wa shule wanaingizwa humo na taa, wanacheka gizani. Waliochimba hawakuwa wakicheka.

Mangi aliyekaribisha wageni

Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, mmisionari Johannes Rebmann, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, na safari yake ikamfikisha Kilema, jirani wa magharibi wa Marangu, kwa Mangi Masaki. Ulaya walimcheka: theluji karibu na ikweta? Wenyeji hawakuwa na la kubishana. Walikuwa wakiyanywa maji yake.

Marangu yenyewe ilikuwa nchi ndogo. Miaka ya 1880 wakubwa wa mlima walikuwa Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho. Katikati ya wakubwa hao alitawala kijana mmoja Marangu, Marealle. Jeshi lake lilikuwa dogo, lakini akili yake ilikuwa kubwa. Aliona mapema kwamba wageni wa kizungu walikuwa nguvu mpya mlimani, na kwamba atakayewapa makao mazuri ataisogeza nguvu hiyo upande wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Marealle aliigeuza methali hiyo kuwa siasa.

Mwaka 1887 alimpokea Samuel Teleki, kabaila kutoka Hungaria, aliyepanda hadi penye theluji akarudi. Mwaka huohuo akaja Hans Meyer, mtoto wa tajiri wa uchapaji wa vitabu kutoka Leipzig, naye akashindwa. Meyer alirudi pwani mwaka 1888 pamoja na Oscar Baumann, lakini safari hiyo haikufika hata miguuni pa mlima, kwa kuwa pwani ilikuwa imelipuka kwa uasi dhidi ya Wajerumani. Watu wa Abushiri bin Salim, kiongozi wa uasi huo, waliwakamata wote wawili na kuwaachilia baada ya kulipwa fidia. Mara ya tatu, mwaka 1889, Meyer alikuja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, akaweka makao Marangu kwa ruhusa ya Marealle. Tarehe 6 Oktoba 1889 wawili hao walisimama kwenye kilele cha Kibo. Meyer akakiita kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm.

Kileleni walisimama wawili, lakini waliowafikisha ni wengi. Chakula kilitoka vihambani mwa Marangu, na kilipandishwa mlimani kwa zamu na wapagazi. Meyer mwenyewe, katika kitabu chake, amemtaja Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu katika baridi kali wakati wengine wameteremka. Marangu nayo inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa ukoo wa Lauwo, ambaye kwa masimulizi ya kijiji ndiye aliyewaonyesha njia ya msituni. Lauwo aliendelea kuongoza wapandaji kwa miaka mingi. Mwaka 1989, miaka 100 baada ya safari ile, alitunukiwa nyumba, na alipofariki mwaka 1996 ilisemwa kwamba umri wake umepita miaka 120. Wasomi wanabishana juu ya umri huo. Lisilobishaniwa ni kwamba bila watu wa Marangu na wa pwani Meyer asingefika hata msituni.

Boma, mti wa kunyongea na hesabu ya Marealle

Ukarimu wa Marealle ulilipa upesi, na ukadai gharama upesi vilevile. Mwaka 1891 Carl Peters, yule aliyezunguka bara akikusanya mikataba ya ulaghai, aliteuliwa kuwa mwakilishi wa Ujerumani Kilimanjaro, naye akahamisha kituo kutoka Moshi hadi Marangu. Kwa Marealle ulikuwa ushindi: bendera ya mwenye bunduki sasa ilipepea kwake, Moshi ikabaki bila kitu.

Lakini humo kituoni Peters alitenda mambo ambayo hata Berlin iliona aibu. Oktoba 1891 alimnyonga mtumishi wake, kijana Mabruk. Januari 1892 akamnyonga Jagodja, binti wa Kichagga aliyemfanya suria wake kisha akamtuhumu kumsaliti. Mwaka 1896 mbunge August Bebel aliifichua kashfa hiyo katika bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters kazini. Miaka 40 baadaye utawala wa Hitler ulimsafisha na kumfanya shujaa.

Vita navyo vilianza Marangu. Juni 1892 ofisa wa Kijerumani, von Bülow, aliondoka na askari wake kwenda kumpiga Mangi Meli wa Moshi, mtoto wa Rindi. Meli aliwavunja, Bülow akapata jeraha lililomuua, na Wajerumani wakakimbia mlima mzima. Walirejea Agosti 1893 wakiongozwa na gavana von Schele, wakamshinda Meli na kuweka boma lao Moshi. Marangu ikabakiwa na kituo cha utafiti, ambako mtaalamu wa mimea Georg Volkens alikusanya na kuandika habari za majani na miti ya mlima. Mwenzake, Carl Lent, aliuawa Rombo mwaka 1894.

Marealle sasa alikuwa mkubwa. Kwa msaada wa Wajerumani nguvu yake ilienea Vunjo hadi Rombo. Kisha ikaja siku ambayo Wachagga hawajaisahau: tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya juu, Wajerumani walimnyonga Meli pamoja na Molelia wa Kibosho na viongozi wengine, wote 19, kwa tuhuma za kupanga uasi. Masimulizi ya upande wa magharibi yanamlaumu Marealle kwamba ndiye aliyepeleka maneno bomani. Kama alipeleka, hayakumsaidia kwa muda mrefu. Mwaka 1904 na yeye alishtakiwa kwa wakubwa walewale, akahofia shingo yake, akavuka mpaka na kukimbilia kwa Waingereza Kenya. Aliyekuwa stadi wa kuwatumia wageni aligundua kwamba wageni nao walikuwa wakimtumia.

Mbegu kutoka Réunion

Wakati wamangi wakipimana nguvu, kitu kingine kiliingia kimyakimya kupitia Kilema. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy, Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipanda kutoka pwani wakapata mahali pa misheni katika nchi ya Kilema. Shirika lao lilikuwa limefika Zanzibar mwaka 1863 kutokea kisiwa cha Réunion, likavuka hadi Bagamoyo mwaka 1868, na sasa lilifika mlimani. Mapadre na mabradha wengi wa shirika hilo Afrika Mashariki walikuwa watu wa Alsace, watoto wa wakulima. Huko kwao kijiji ni kanisa katikati, kengele inayogawa siku, na mashamba yanayoanzia mlangoni. Mlimani walikuta watu ambao mashamba yao nao yalianzia mlangoni, ila hawakuwa na kijiji cha nyumba zilizobanana: kila nyumba ilikaa ndani ya kihamba chake. Basi wakajenga kanisa, wakatundika kengele, na kuanzisha bustani.

Katika bustani ya Kilema ndimo mibuni ilimoota, na mwaka 1898 unatajwa kuwa mwanzo wa kahawa ya Kilimanjaro. Mbegu yake ni aina ya Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Mmea huo ulikubaliana na kihamba kana kwamba ulikuwa umesubiriwa: unapenda kivuli, na migomba ilikuwapo, unataka maji wakati wa kiangazi, na mifongo ilikuwapo, unataka mbolea, na samadi ilikuwapo. Mkulima hakulazimika kufyeka kitu ili kuupanda. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, gunia la buni likapata njia ya kwenda Ulaya.

Walowezi wa kizungu hawakufurahi. Walisema mashamba ya Waafrika yataleta wadudu na magonjwa, ingawa waliloogopa zaidi ni kukosa vibarua: mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa senti chache. Upande wa pili alisimama Charles Dundas, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliyehimiza Wachagga walime, na Joseph Merinyo wa Moshi, aliyeongoza chama cha wakulima wenyeji kilichoundwa mwaka 1925. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, na vyama vya msingi vikaenea kila nchi ya mlima, Marangu ikiwa mojawapo.

Kahawa ilibadili sura ya kijiji. Msimu wa kuchuma, familia nzima ilikuwa mibunini. Jioni mashine ya mkono ya kumenyea ilisikika kihamba hadi kihamba, na buni zikaanikwa kwenye vichanja vya waya. Fedha ya malipo ya pili ndiyo iliyolipa ada ya shule na kodi, ikanunua bati la kuezekea nyumba mpya mahali pa msonge wa majani. Lakini kahawa pia ilifanya ardhi kuwa kitu cha kudumu cha kurithishwa. Kihamba chenye mibuni hakigawanyiki kwa urahisi, na hakiachwi. Mashauri ya mipaka yakaongezeka katika mabaraza, na msemo wa zamani kwamba ardhi ni ya ukoo ukaanza kupwaya.

Walimu, wachungaji na chui

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifika mlimani mwaka 1893, ikaanzia Machame, na mwaka uliofuata ikafungua kituo Mamba, kandokando ya Marangu. Mwaka 1912 Walutheri walifungua Marangu chuo cha kufundisha walimu, ambacho kipo hadi leo kama Chuo cha Ualimu Marangu. Kwa kijiji cha wakulima lilikuwa jambo kubwa. Vijana kutoka pande zote za kaskazini walikuja kusoma hapo, wakaenda kufundisha mbali, na jina la Marangu likawatangulia darasani. Baadaye ikaja shule ya wasichana ya Ashira, ambayo wanafunzi wake wamesambaa nchi nzima.

Miongoni mwa wamisionari waliofanya kazi Marangu alikuwamo Richard Reusch, mchungaji aliyependa mlima kuliko starehe. Aliupanda zaidi ya mara 40, na tundu la volkano lililo ndani ya Kibo limepewa jina lake. Mwaka 1926 alikuta karibu na ukingo wa kreta mzoga wa chui uliokaushwa na baridi. Habari za chui huyo zilienea, na Ernest Hemingway akazitumia mwanzoni mwa hadithi yake ya mwaka 1936 iliyoupa mlima umaarufu mpya Marekani. Novemba 1955 Marangu ilipokea mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima, ambapo wajumbe wa makanisa ya nchi mbalimbali walizungumza juu ya kanisa lililo mikononi mwa Waafrika wenyewe, miaka sita kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Shule hizo na kahawa hiyo ndizo zilizomtoa mtu kama Edwin Mtei, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kuchunga mbuzi utotoni. Alikuja kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966, kisha waziri wa fedha aliyejiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1992 mwanzilishi wa CHADEMA.

Mangi Mkuu na majina mapya

Ukoo wa Marealle haukuisha na aliyekimbia. Petro Itosi Marealle aliitawala Marangu, na mwaka 1946, mlima ulipogawanywa katika sehemu tatu za Hai, Vunjo na Rombo, akawa mkuu wa Vunjo. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu maisha ya Mchagga duniani na ahera, akihifadhi kwa Kiswahili desturi ambazo vijana wa shule walikuwa wameanza kuziona ushamba. Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura kuchagua mtawala mmoja wa mlima mzima, wakamchagua Thomas Marealle, mjukuu wa mangi yule wa kale, aliyesoma Uingereza. Alisimikwa mwaka 1952. Alikuwa na bendera, siku ya sherehe ya Wachagga, na mwaka 1957 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Vijana wa TANU hawakutaka mangi wa maisha, na mwaka 1960 Wachagga waliamua kwa kura kuwa na rais wa kuchaguliwa. Akapatikana Solomon Eliufoo wa Machame. Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Thomas Marealle aliishi hadi mwaka 2007.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka bendera na mwenge wa uhuru kileleni, na jina la Kaiser likaondoka; kilele kikawa Uhuru. Njiani nako majina yalibadilika. Kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu kiliitwa Bismarck. Sasa ni Mandara, kwa jina la Rindi wa Moshi. Cha pili kiliitwa Peters, kwa jina la yuleyule aliyemnyonga Jagodja hapo chini. Sasa ni Horombo. Kila mpanda mlima anayelala Horombo, mita 3,720 juu, analala chini ya jina la mangi wa Keni, na sijui haki gani nyingine ya kihistoria Marangu imeipata bila kumwaga damu.

Marangu ya sasa

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya hifadhi, na wenyeji waliozoea kupata kuni na majani pembezoni mwake wakaona mpaka umewasogelea. Vijana wengi wa Marangu leo ni wapagazi, wapishi na waongozaji. Mshahara wa familia unategemea msimu wa watalii kama zamani ulivyotegemea msimu wa buni.

Kahawa imedhoofika. KNCU ilivunjwa na serikali mwaka 1976 pamoja na vyama vingine vya ushirika, ikarudishwa mwaka 1984. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukaanguka. Mibuni ilizeeka, dawa zikapanda bei, na wako waliong'oa wakabakiza migomba, mboga na ng'ombe wa maziwa. Vihamba vimegawanywa mara nyingi mpaka vingine havimtoshi mtu mmoja, na watoto wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na nchi za nje. Desemba wanarudi. Magari yanajaa barabara ya Himo, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, mashauri ya familia yanamalizwa, na makaburi ya wazee yanapaliwa.

Mgeni aliyebakiwa na saa mbili hupelekwa Kinukamori, maporomoko yaliyo karibu na Marangu Mtoni. Huko husimuliwa habari za Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaogopa hukumu ya desturi, akaja ukingoni kujirusha. Alipobadili nia na kugeuka arudi nyumbani, akakutana na chui, akarudi nyuma na kuanguka. Sanamu yake iko pale. Makinuka ni wa masimulizi. Jagodja ni wa kumbukumbu za mahakama, ana mwaka, mwezi na jina la aliyemuua. Kijiji kinachoweza kumkumbuka wa kwanza kina sababu kubwa zaidi ya kumkumbuka wa pili.

Na ipo mifongo. Mingine imejaa udongo, mingine imekatwa na ujenzi. Tangu Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iundwe mwaka 1991, maji ya mito ya mlima yanasimamiwa kwa vibali, kwa sababu yanahitajika pia na wakulima wa tambarare, miji na mitambo ya umeme. Hilo lina mantiki yake. Lakini kibali hakisemi nani alichimba mfongo, ukoo gani ulisimamia zamu, wala siku gani ya kuzibua. Wazee wanaojua hayo wanazidi kupungua.

Hapo ndipo kazi ilipo. Marangu ina chuo cha ualimu chenye zaidi ya miaka 100 na shule za sekondari zenye wanafunzi hodari. Mwalimu mmoja na darasa moja wanaweza kuuandika mfongo mmoja kwa muhula mmoja: jina lake, chanzo chake, ukoo wake, vihamba vinavyonywa humo. Hakuna anayehitaji fedha za wafadhili kwa hilo. Na wewe unayerudi nyumbani Desemba, kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, muulize mzee wako maji ya kihamba chenu yalitoka wapi, nani aliyaleta, kisha uandike.